Kilo Tisa Kabla ya Mchana

Leo Jumamosi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, nilikuwa na kilo themanini na tatu. Saa sita na dakika tano mchana nilikuwa na kilo tisini na mbili. Katikati hapo sikula kitu chochote. Hata maji sikunywa (nilikatazwa, mtaona ni kwa nini). Leo nimeumbuka.

Nawaandikia ninyi watatu mnaosomea magazeti kwenye benchi langu, kabla hamjarudi kutoka makwenu. Najua mkishuka tu kwenye treni mtaikuta habari hii imefika stesheni kabla yenu, na kila mtu ameiongezea chumvi yake. Afadhali muisome kwa aliyekuwepo. Nilikuwepo sana.

Nianze mwanzo. Nimechoka, miguu inauma, lakini mpangilio ni mpangilio.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilikwenda zahanati kwa sababu ya kichwa. Nesi Bonifasia akanifunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akasikiliza, akapampu tena. Mimi ni fundi saa. Najua maana yake fundi akikipima kitu mara mbili bila kusema neno. Kisha akanipandisha kwenye mizani. Tisini kamili.

"Fundi, presha yako imepanda," akasema. "Haijawa mbaya sana, ila imepanda. Una miaka mingapi?"

"Hamsini na mmoja."

"Basi sikiliza. Ukipungua ukafika themanini na tano mwaka ukiisha, tutaendelea kukuangalia tu. Usipopungua, Januari nakuanzishia vidonge. Na hivi si vidonge vya wiki moja."

"Lakini mwezi wenyewe ni Desemba," nikamkumbusha.

"Najua ni Desemba. Kwani mimi sili sikukuu?"

Vidonge sivitaki. Si kwamba navidharau. Nilimwona marehemu kaka yangu akivihesabu kila asubuhi kiganjani, na kila alipomaliza kuhesabu alionekana mzee kuliko jana. Kwa hiyo nikaamua: themanini na tano, hata kama ni mwezi wa wali na bata. Nikanunua daftari jipya. Nikatoa kile kijitabu changu cha afya, kisicho na jalada, ambacho mmoja wenu alinikejeli kwamba nimekinunua kwa ajili ya picha za maboga. Nikapanga mambo matatu. Kutembea kila asubuhi kutoka nyumbani Kibaoni kuelekea kivukoni, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Kujaza nusu ya sahani kwa mboga kabla wali haujaingia. Na kupima uzito kila Jumamosi, kwa sababu jambo lisilopimwa ni maoni tu.

Nipimie wapi? Zahanati ina foleni ya akina mama na watoto, na Nesi Bonifasia ana maneno. Nikaenda pale ambapo sisi wa Ifakara tunapima kila kitu kizito: kwenye mashine ya kukoboa mpunga, upande ule wanaponunua, penye mizani ya jukwaa.

(Najua mnavyocheka. Sote tunajua habari za mizani za wanunuzi wa mpunga. Mimi mwenyewe nimewahubiria hapo kwenye benchi mara ngapi? Lakini nilijiambia hivi: karani ana sababu ya kulipunja gunia. Mimi atanipunja ili apate nini? Mimi siuzwi.)

Na sikukubali kijinga. Ijumaa zahanati walisema tisini. Jumamosi mizani ya mashine ikasema tisini. Nikaandika kwenye daftari: "Mizani sahihi." Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Karani wa pale anaitwa Dominiki. Ni mtu mzima, mpole, ana kalamu sikioni na sauti ya mtu anayesoma masomo kanisani. Nilipotoa sarafu akazirudisha.

"Fundi, fedha yako niifanyie nini? Niletee kipande cha risasi ya kuchomelea. Nina redio nyumbani, nyaya zinaachia kila siku."

Risasi ya kuchomelea ndiyo ninayounganishia nyaya za redio. Kipande cha urefu wa kidole kwangu si kitu. Nilikuwa nacho mfukoni, nikampa hapo hapo. Tukakubaliana: kila Jumamosi kipimo kimoja, kipande kimoja. Nilitoka pale nikiona nimepata mtu mwenye adabu.

Wiki ya kwanza nilitembea kama askari. Kila asubuhi nilimpita jirani yangu, Mama Letisia, akianika mpunga kwenye turubai mbele ya nyumba. Mnamfahamu, yule mjane mrefu ambaye hacheki hovyo. Alikuwa amebakiza magunia manane ya mavuno ya shamba lake la kule Mchombe. Hakuyauza wakati wa bei ya chini, akayalalia mpaka Desemba, kwa sababu Letisia amechaguliwa kwenda sekondari na Januari anatakiwa kuripoti na ada, godoro na sanduku.

"Fundi!" akaniita siku ya tatu. "Unakimbia mikono mitupu? Mtu akikimbia bila jembe wala ndoo watu watadhani ameiba."

"Natunza afya, Mama Letisia."

"Itunze. Lakini chukua hata jembe."

Jumamosi ya pili, mizani: themanini na nane. Kilo mbili kwa siku saba! Nilitaka kumkumbatia Dominiki. Nilimpa kipande chake cha risasi, nikaongeza na salamu kwa mkewe.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na lilikuwa kosa la mtu mwenye mpango. Kijitabu kinasema mtu ajipe moyo kwa zawadi ndogo. Nikaandika kanuni: kila kilo inayopungua, sahani moja ya ziada, iliwe bila majuto. Kwa hiyo nilikuwa nazidai sahani mbili. Jumapili kulikuwa na ubatizo mtaa wa pili. Nikazila zote mbili. Sikujuta, kanuni ilikataza.

Jumamosi ya tatu: themanini na sita. Sahani mbili nyingine. Mnaona jinsi mashine ilivyokuwa inazunguka? Nilivyokula zaidi, ndivyo nilivyopungua. Mtu mwingine angeshituka. Mimi nilihitimisha kwamba mwili wangu ni wa aina ya pekee (niliandika hivyo, kwa wino).

Jumatatu mke wangu alisimama nyuma yangu nikihangaika na kifungo cha suruali.

"Baba Fausta, suruali imegoma."

"Umeifua kwa maji ya moto, imesinyaa."

"Mimi tangu lini nafua kwa maji ya moto?"

"Basi ni kitambaa. Vitambaa vya siku hizi."

"Na shati?"

"Mama Fausta, nina namba hapa."

"Na mimi nina macho hapa."

Siwezi kubishana na macho wakati nina mizani.

Siku moja kabla ya Krismasi: themanini na tano. Lengo limefikiwa! Siku saba kabla ya muda! Nikampa Dominiki kipande cha nne, akanipa mkono wa heri. Kisha mimi na mke wangu tukavuka mto kwenda Lupiro, ukweni.

Lupiro siwezi kueleza yote, nimechoka. Mama mkwe alichinja bata wawili. Kulikuwa na wali wa mpunga mpya uliohifadhiwa makusudi, na kambale wa kukaushwa aliyeungwa kwa karanga. Asubuhi ya Krismasi nilijaribu. Naapa nilijaribu. Nilijaza mboga nusu ya sahani kama ilivyopangwa. Mama mkwe akaitazama ile sahani muda mrefu, halafu akasema taratibu, akiwatazama watu wengine:

"Wali wetu una kasoro gani mwaka huu? Mkwe anakula majani."

Mnajua mkwe anayekataa chakula anaitwaje. Nikaikumbuka ile themanini na tano, nikaona nina nafasi. Nikala. Nikaongezewa, nikala. Siku ya pili tulitembelea shangazi wa mke wangu, ya tatu kaka yake. Kila nyumba ina sahani yake na masikitiko yake. Kukataa kunachosha kuliko kutembea. Siku ya nne mkanda wangu haukufika tundu la mwisho. Nikachukua msumari mdogo, nikatoboa tundu jingine. Ngozi, nikajiambia, imenyeshewa kule kivukoni ikajikunja.

Sasa tumefika leo.

Nilifika mashine saa mbili na nusu. Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu anauza mpunga wake wa akiba apate chochote cha mwaka mpya. Mbele kabisa alikuwa Mama Letisia na magunia yake manane, yameshushwa kutoka kwenye tela la trekta. Dominiki anapima, anaita, anaandika.

"Sitini na nane. Sitini na saba. Sitini na nane."

"Dominiki," Mama Letisia akasema, "haya ni magunia ya debe sita sita. Nimeyajaza mwenyewe kwa debe langu. Mwezi wa saba niliuza gunia kama hili, la debe sita, likawa sabini na tano."

"Mpunga umekauka, mama. Umekaa ndani miezi mitano. Ukikauka unapungua."

Mama Letisia akanigeukia mimi. Si mnajua watu wananiona ni mtu wa vitabu?

"Ni kweli, Fundi?"

"Ni kweli," nikasema kwa sauti ya kufundisha. "Maji hutoka, uzito hupungua. Ni sayansi."

(Nilisema hivyo. Mungu anisamehe, nilisema hivyo na kidole juu.)

Mama Letisia akawa anahesabu kwa vidole, na niliuona uso wake ukifika kwenye godoro, ukaliacha, ukaenda kwenye sanduku. Magunia yote manane yakapita, hakuna lililozidi sitini na nane. Dominiki alipokuwa anajumlisha, nikaona ni nafasi yangu nzuri. Nikapanda jukwaani. Akatelezesha kile kijiwe cha chuma kwenye mkono wa mizani, taratibu, mpaka mkono ukasimama sawa.

"Themanini na tatu, Fundi! Hongera!"

Laiti ningeshuka nikaenda zangu. Lakini kulikuwa na watu kama thelathini, wamechoka na foleni, na mimi nina daftari. Nikakaa pale pale juu ya jukwaa. Nikawasomea.

"Ndugu zangu, tisini. Themanini na nane. Themanini na sita. Themanini na tano. Leo themanini na tatu! Na katikati hapo kuna Krismasi! Watu husema sikukuu zinanenepesha. Si sikukuu, ni kukosa mpango. Nimekula bata Lupiro. Nimekula kambale. Lakini kwa vipimo!"

Mzee mmoja wa Mchombe, aliyevaa kofia ya pama, akauliza, "Bata naye anapunguza?"

"Akiliwa kwa mpango," nikasema.

"Mimi nataka huo mpango."

Watu wakaanza kucheka vizuri, kicheko cha kunipenda. Mama Letisia hakucheka. Alikuwa ananitazama tumboni. Akasogea. Akainama kidogo, kama mimi ninavyoinama kwenye saa.

"Fundi. Hili tundu la mkanda ni jipya."

"Ngozi ilinyeshewa," nikasema.

"Umelitoboa nje ya yale mengine."

"Ngozi ikinyeshewa..."

"Mtu anayepungua anatoboa ndani," akasema, sasa kwa sauti ya watu wote. "Huyu ametoboa nje. Na shati, tazameni vifungo vinavyolia. Huyu amepungua kilo saba? Zimetokea wapi?"

Watu thelathini wakalitazama tumbo langu, halafu wakaitazama mizani, halafu wakayatazama magunia yao.

Hapo ndipo nilipoacha kuwa mtu nikawa ushahidi.

"Apelekwe zahanati," akasema mzee wa Mchombe. "Apimwe kwenye mizani ya serikali. Akirudi apimwe tena hapa. Tutajua."

"Nitakwenda," nikasema. "Nitembee dakika kumi na tano tu."

"Hutembei!" wakasema watu wengi. "Atatoka jasho. Atapungua njiani, halafu huyu karani aseme mengine!"

Nikawekwa kwenye mkokoteni wa kubebea magunia. Nikakalishwa kwenye gunia tupu, miguu mbele. Kijua kilikuwa kimeanza kuwaka, nikaomba maji.

"Asipewe!" akasema mzee. "Ataongezeka."

Nikaomba basi nipite nyuma ya ukuta mara moja, mtu wa miaka hamsini na mmoja mnaelewa.

"Subiri, ndugu yangu. Hiyo nayo ni uzito."

Mzee akanishika mkanda, pale pale kwenye lile tundu jipya, tukaondoka. Mzee akishika mkanda, mwenye mkokoteni akisukuma, Mama Letisia mbele kama anaongoza maandamano. Njia ya zahanati inapita katikati ya soko. Siku ya mwisho ya mwaka. Soko lote limejaa.

"Jamani, Fundi amefariki?" akapiga kelele mama mmoja wa mchicha.

"Hajafariki, si unamwona amekaa!"

"Anapelekwa wapi?"

"Kupimwa. Ni jiwe la mizani huyu."

Mteja wangu mmoja akauona mkokoteni ukipita, akakimbia kando yake. "Fundi! Saa yangu tayari?"

"Jumatatu," nikamjibu. Nilikuwa na heshima kiasi hicho bado.

Zahanati, Nesi Bonifasia alitoka mlangoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Mbona umeletwa na mkokoteni? Umeanguka?"

"Sijaanguka," nikasema. "Nina uzito."

Mama Letisia akamweleza kwa maneno machache. Nikavua viatu, mzee akakataa, nikavivaa tena, kwa sababu kule nilipimwa navyo. Nikapanda. Nesi akasogeza, akatazama, akasogeza tena. Mara mbili, bila kusema neno.

"Tisini na mbili."

Kule nyuma akina mama wenye watoto wakasema "Aaa!" kwa pamoja, kama vile mtoto wao ndiye aliyeongezeka.

"Fundi," akasema Nesi Bonifasia, "tulikubaliana themanini na tano. Imeishia wapi?"

"Imeishia Lupiro."

Akaandika kwenye karatasi, akapiga mhuri. Akampa Mama Letisia ile karatasi. Mimi akaniambia, "Jumanne. Vidonge." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama najisikia vizuri, nikasema ndiyo. Haikuwa kweli. Nilihitaji ukuta vibaya sana.

Tukarudi na mkokoteni, njia ile ile, soko lile lile. Safari hii walikuwa wanajua. Mtu mmoja alikuwa anapita akiimba namba tu: "Tisini na mbiliii." Foleni kule mashine ilikuwa imekuwa umati. Nikapandishwa jukwaani. Dominiki akatelezesha kijiwe.

Themanini na tatu.

"Karatasi hii hapa," akasema Mama Letisia.

"Pengine," akasema Dominiki, "pengine amejisaidia njiani."

"Hakujisaidia!" mzee wa Mchombe akafoka. "Nilimshika mkanda mwenyewe kwenda na kurudi! Muulize jinsi anavyoteseka!"

Nikathibitisha kwa kichwa.

"Fundi," akasema Mama Letisia, "wewe si ndiye unayejua vyombo? Hebu itazame."

Nilikuwa na bisibisi ndogo mfukoni, na kile kioo changu cha jicho. Nikashuka. Nikakitoa kijiwe kwenye mkono wa mizani, nikakigeuza. Chini kina tundu, kama vilivyo vijiwe vyote vya aina hiyo. Tundu lilikuwa limezibwa kwa nta. Nikaifuta nta. Nikatazama kwa kioo. Kijiwe hicho kikiongezwa uzito kidogo tu, mzigo ulio jukwaani huonekana mwepesi. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya fedha, kimeshindiliwa, vipande vinne.

Nikavitambua.

Nilikaa nimeinama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Kuna nini?" akauliza mzee.

"Kuna risasi."

"Imetoka wapi?"

Dominiki akajibu kwa niaba yangu.

"Ameileta yeye!" akapiga kelele, akininyooshea kalamu. "Kila Jumamosi! Muulizeni! Hata leo anayo!"

Watu wote wakautazama mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa umeshika kipande cha tano. Nilikuwa nimekitoa mfukoni pamoja na bisibisi, bila kufikiri.

"Fundi," akasema Mama Letisia polepole, "ni kweli?"

"Alisema ni ya redio," nikasema.

Zikapita kama sekunde nne (nilizihesabu, ni kazi yangu). Halafu mzee wa Mchombe akaanza. Alianza kwa kukohoa, akavua kofia ya pama, akajifunika nayo uso. Kisha umati mzima. Ndugu zangu, sijawahi kusikia kicheko kikizidi mashine ya kukoboa. Ilibidi mwendesha mashine azime injini aje kuuliza kuna nini.

Haikuishia hapo. Wakataka nivitoe vile vipande kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja nipande nipimwe, wathibitishe. Nikavichokoa kwa bisibisi yangu ya saa. Dominiki akawekwa pembeni, Mama Letisia akashika kijiwe. Nikatoa cha kwanza, nikapanda.

"Themanini na tano!" umati ukaitikia.

Cha pili.

"Themanini na saba!"

Cha tatu.

"Tisini!"

Cha nne. Ilikuwa saa sita na dakika tano. Saa yangu nimeisahihisha kwa redio asubuhi, haikosei.

"Tisini na mbiliii!"

Wakapiga makofi. Ndani ya robo saa nilinenepa kilo tisa mbele ya watu, nikiwa nimebana mapaja. Kisha nikaruhusiwa kwenda nyuma ya ukuta. Huko nako nilisikia wanahesabu.

Mwenye mashine akaja. Akasema yeye hajui lolote, ni mambo ya karani. Kama alijua au hakujua, siandiki, kwa sababu sikupima. Ila aliwatazama wale watu, akaamuru mpunga wote wa asubuhi upimwe upya na kila mtu alipwe palepale. Mwezi mzima uliopita utahesabiwaje, wanakutana Jumatatu. Dominiki alikuwa ameondoka na kuiacha kalamu. Magunia ya Mama Letisia yakapanda tena: sabini na tano, sabini na nne, sabini na tano. Akasimama karibu na mizani mpaka la mwisho. Uso wake ukalirudia godoro, ukafika kwenye sanduku, ukatulia hapo.

Nikamwendea. Nikamwomba radhi kwa ile sayansi.

"Mpunga hukauka kweli," nikasema, "ila si kiasi kile. Ningepaswa kuwaza."

"Acha hayo, Fundi," akasema. Akalitazama tena lile tundu la mkanda, na kwa mara ya kwanza mwezi huu nikamwona anacheka. "Asante kwa kunenepa. Ungepungua kweli, leo ningeibiwa."

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu alikuwa ameshasikia. Alikuwa ameiweka suruali yangu mezani, imekunjwa vizuri, na juu yake sindano na uzi.

Saa za watu nazilinganisha na redio kila asubuhi. Mizani iliyonisifu niliilinganisha mara moja tu, nikaipigia mstari kwa rula. Ukurasa huo nimeuacha kwenye daftari, sikuuchana.

Mtakaporudi mtakaa kwenye benchi kama kawaida na mtataka kucheka. Nawaomba mcheke mara moja, wote watatu kwa pamoja, kisha tusome magazeti. Hesabu ya kufunga mwaka ni hii: mimi nimeongezeka kilo mbili, Jumanne naanza vidonge, na Mama Letisia ameokoa kilo hamsini na sita, yaani shilingi elfu tano na mia sita.